Muuguzi mwenye imani na mgonjwa mwenye VVU: namna ya kuondoa unyanyapaa wodini bila kugombana na dini ya mtu

Wauguzi wengi ni watu wa dini, na kwa wengi wao imani ndiyo inayowapa nguvu ya kumaliza zamu ya usiku. Imani hiyohiyo humfanya mmoja amshike mkono mgonjwa wa VVU aliyekimbiwa na ndugu zake, na humfanya mwingine amwambie, huku akimtafutia mshipa, kwamba angetulia na mumewe yasingemkuta haya. Kwa hiyo anayetaka kuondoa unyanyapaa wodini asianze kwa kuuliza nani ana dini na nani hana. Kinachomuumiza mgonjwa ni fundisho moja mahususi: kwamba VVU ni adhabu, na aliyeadhibiwa hana haki ya kulalamika akihudumiwa kwa masimango. Muuguzi anaweza kulitua fundisho hilo na akabaki na imani yake nzima.

Maelezo haya ni ya muuguzi mfawidhi, mkufunzi, au mtu yeyote aliyepewa kazi ya kurekebisha hali hiyo mahali pa kazi.

Tenganisha hofu, hukumu na mazoea

Unyanyapaa wodini una vyanzo vitatu, na kila kimoja kina tiba yake. Muuguzi anayevaa glovu mbili ili kupima presha anaogopa. Ukimpa mawaidha ya upendo atayaitikia vizuri na kesho atavaa glovu mbili tena. Huyo anahitaji maelezo ya namna virusi vinavyoambukiza na visivyoambukiza. Anayesema "hawa wamejitakia" huenda haogopi kabisa, na takwimu za maambukizi hazitamgusa. Huyo anahitaji mazungumzo ya imani. Na wodi ikiwa na desturi ya kubandika alama nyekundu kwenye faili, hata muuguzi asiyeogopa wala kuhukumu atamnyanyapaa mgonjwa kwa kufuata utaratibu tu. Hapo kinachohitajika ni kubadili utaratibu.

Semina nyingi hushindwa kwa sababu huvichanganya vyote vitatu ndani ya saa mbili, watu wakapiga makofi na kurudi kazini vilevile.

Pima kabla ya kufundisha

Andaa dodoso lisilo na jina, maswali yasiyozidi 15, la kuweka tiki tu ili mwandiko usimtaje mtu. Kila mmoja alijaze kwa wakati wake na kulitumbukiza kwenye sanduku lililofungwa. Mfawidhi akizikusanya karatasi kwa mkono wake, majibu yote yatakuwa mazuri na hayatakuwa na faida.

Weka maswali ya hofu: una wasiwasi kiasi gani unapogusa nguo au shuka za mgonjwa mwenye VVU, unapofunga kidonda chake, unapomtoa damu? Weka ya matendo: katika miezi 12 iliyopita umemwona mwenzako akimkwepa mgonjwa huyu, akivaa glovu mbili kwake tu, au akitaja hali yake kwa asiyehusika? Uliza alichokiona kwa mwenzake, maana ya jirani husemwa kwa ukweli zaidi kuliko ya nafsi. Kisha ya hukumu: unakubali kwamba VVU ni adhabu ya tabia mbaya? Kwamba wengi wameupata kwa uzembe wao? Kwamba mwanamke mwenye VVU ana haki ya kuzaa akitaka? Majibu yawe manne, kuanzia "nakubali kabisa" hadi "nakataa kabisa". Usiweke jibu la katikati, kwa sababu ndilo maficho ya kila mtu.

Ukitaka kupima na udini, kipo kipimo kifupi kilichotokana na Chuo Kikuu cha Duke, kinachojulikana kama DUREL. Kina maswali 5: moja la kuhudhuria ibada, moja la ibada ya faragha, na matatu ya namna imani inavyoingia katika maisha ya mtu. Usiyajumlishe ukapata namba moja. Gordon Allport na Michael Ross walionyesha tangu 1967, katika utafiti wao juu ya dini na ubaguzi, kwamba mtu anayeiishi dini yake na anayeitumia kwa heshima na kujuana na watu hawafanani katika kuwabagua wengine. Mahudhurio peke yake hayakwambii mikono ya mtu itafanya nini kitandani.

Usiulize dhehebu. Wodi yenye wauguzi 12 ikiwa na mmoja tu wa dhehebu fulani, dodoso lake lina jina tayari. Na matokeo yasitumike kamwe kupanga zamu wala kumwandikia mtu tathmini. Likitokea hilo mara moja, hutapata jibu la kweli tena katika kituo hicho.

Baada ya karatasi, tumia macho. Fuatilia zamu kadhaa, mchana na usiku, ukiangalia mambo machache: glovu zinavaliwa kwa tendo gani na kwa nani, nani anafungwa kidonda mwisho, nani anaitwa kwa jina na nani kwa namba ya kitanda. Simama miguuni pa kitanda mahali anaposimama mgeni wa mgonjwa, usome kinachosomeka. Mara nyingi chati ya dawa imetundikwa hapo, na jina la ARV limeandikwa kwa herufi kubwa. Hakuna aliyekusudia ubaya, lakini shemeji aliyeleta uji ameshajua.

Hofu: ishughulikie mwanzo, na kwa namba

Anza na hofu kwa sababu ndiyo nyepesi kuondoa, na kwa sababu hofu hupenda kuvaa kanzu ya dini. Mtu anayeogopa kuambukizwa huona aibu kusema hivyo mbele ya wenzake. Kusema kwamba mgonjwa ni mwenye dhambi kunampa sababu ya kukaa mbali naye bila kuonekana mwoga. Hofu ikiisha, sehemu ya hukumu hupungua yenyewe.

Waeleze haya bila kuzungusha. Sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU ambaye hatumii dawa, ikipenya ngozi, huambukiza takribani mara 3 katika matukio 1,000. Damu ikirukia jichoni au mdomoni, hatari iko chini zaidi, takribani tukio 1 kati ya 1,000. Ngozi nzima isiyo na kidonda haipitishi virusi. Jasho, machozi, mate, shuka kavu, kikombe na choo haviambukizi. Kwa muuguzi asiyechanjwa, sindano hiyohiyo ikiwa na homa ya ini aina ya B ni hatari mara nyingi zaidi kuliko VVU, lakini mgonjwa wa homa ya ini hatengwi. Kwa nini? Swali hilo liache mezani, wajibu wenyewe.

Onyesha na faida ya matibabu. Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi mwaka 2023 kwamba mtu anayemeza dawa vizuri, ambaye virusi vyake havionekani tena kwa kipimo, hamwambukizi mwenza wake kwa njia ya ngono. Na mama mwenye VVU, ambaye bila huduma yoyote uwezekano wa kumwambukiza mtoto ni asilimia 15 hadi 45, kwa huduma kamili hushuka chini ya asilimia 5.

Kisha mpe kila mmoja hatua za ajali mkononi. Akichomwa, aoshe papo hapo kwa maji mengi na sabuni. Asikamue, asinyonye, asimwagie dawa ya madoa wala spiriti, maana vinaumiza ngozi bila kupunguza hatari. Jicho lisafishwe kwa maji safi au maji ya chumvi ya hospitali. Atoe taarifa ndani ya zamu hiyo na aanze dawa za kinga, PEP, mapema kadiri inavyowezekana, isizidi saa 72, kisha amalize siku 28. Dozi ya kuanzia iwe ndani ya kituo usiku na mchana, na ufunguo uwe kwa mtu aliye zamuni. Muuguzi anayejua kwamba dawa imefungiwa ofisini hadi Jumatatu ana haki ya kuogopa, na hakuna mafunzo yatakayoiondoa hofu hiyo.

Glovu zivaliwe kwa kila mgonjwa palipo na damu, majimaji ya mwili au kidonda, na zisivaliwe kwa yeyote pasipo na hayo. Glovu za kupima presha zinamwambia mgonjwa jambo moja tu, naye analielewa.

Kikao cha imani

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi wanapoogopa. Wakufunzi huwaambia wauguzi waache dini zao getini. Hawawezi, na wakiambiwa hivyo hufunga masikio, kwa sababu wameona mtu anayeitazama imani yao kama ugonjwa. Waambie waje nayo.

Kaa na watu 8 hadi 12, dakika 90, wenye vyeo wakae kikao chao peke yao. Waendeshaji wawe wawili: muuguzi anayeheshimika kwa kazi, na mtu anayeishi na VVU aliyeandaliwa, anayelipwa kwa muda wake, na aliyepewa ruhusa ya kutojibu swali lolote. Usimlete ili asimulie alivyoambukizwa. Aeleze alivyohudumiwa.

Anza na kadi. Wagawe watu vikundi vinne, kila kikundi kadi moja, bila kuwaambia kwamba kadi zinatofautiana. Zote zinaeleza mgonjwa mwenye VVU, joto 39, kikohozi cha wiki 3, amekonda. Tofauti iko kwenye mstari mmoja: wa kwanza alizaliwa na virusi, wa pili ni muuguzi aliyechomwa sindano, wa tatu aliambukizwa na mume wake, wa nne anauza ngono. Kila kikundi kiandike mpango wa huduma wa saa ya kwanza. Kisha zibandike karatasi nne ukutani.

Mpango sahihi ni mmoja kwa wote: barakoa na sehemu yenye hewa ya kutosha, kipimo cha oksijeni, makohozi kwa ajili ya kifua kikuu, dawa ya homa, maji, kumjulisha daktari. Mara kwa mara kadi ya nne hupata kitu cha ziada, "ushauri kuhusu tabia", na hupoteza kitu, kama vile kumfariji. Usikemee. Uliza tu: homa ya huyu inatofautianaje na ya yule? Kimya kitakachofuata kiache kikae.

Ndipo uingie kwenye hoja ngumu, ile ya "asiye na hatia". Wauguzi wengi wenye imani humhurumia mtoto na mke kwa dhati, wakidhani hapo wameshinda unyanyapaa. Lakini huruma inayotolewa baada ya kuchunguza mtu alivipata vipi virusi ni hukumu ileile yenye sura nzuri, kwa sababu inamlazimu kila mgonjwa aeleze maisha yake ya ndani kabla ya kustahili kikombe cha maji. Na wanaodhaniwa kuwa na hatia hujifunza kudanganya. Wakidanganya, wenza wao hawapimwi.

Dini zenyewe zina maneno ya kutosha juu ya hili, na muuguzi anayajua kuliko mkufunzi. Mkristo anamjua Ayubu, na anajua kuwa marafiki waliomwambia ugonjwa wake umetokana na dhambi ndio waliokemewa mwishoni. Anakijua na kisa cha kipofu wa kuzaliwa ambaye wanafunzi waliuliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, wakajibiwa kuwa si yeye wala wazazi. Muislamu anamjua Nabii Ayubu kama mfano wa subira, anajua kumtembelea mgonjwa ni haki ya mgonjwa, na anajua Kurani inakataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana. Waache wayalete wao. Mkufunzi akianza kuhubiri, kikao kinageuka mashindano ya mistari na aya, na mwenye sauti kubwa hushinda.

Mtu atasema: "Kwa hiyo unataka niseme zinaa ni halali?" Lijibu kwa uwazi. Hakuna anayemtaka abadili mafundisho ya dini yake juu ya ngono. Anachotakiwa ni kutogeuza kitanda cha mgonjwa kuwa mahali pa kuyafundishia. Mlevi mwenye jipu la ini na dereva aliyeendesha kwa kasi wanatibiwa bila kuulizwa toba yao. Kipimo hicho kitumike na hapa.

Kiongozi wa dini akialikwa, zungumza naye mapema na umuulize mambo matatu. Muumini akikwambia amepona kwa maombi na anataka kuacha dawa, utamjibu nini? Mtoto aliyezaliwa na VVU na mwanamke anayeuza ngono, wana haki tofauti ya kuhudumiwa? Mtu akikueleza siri ya hali yake, nani mwingine atajua? Jibu likiyumba katika lolote, usimlete, hata kama ni mtu mashuhuri. Sentensi yake moja mbaya itakumbukwa kuliko kikao chote.

Kitandani: maneno na maombi

Swali la "uliipata wapi?" lifutwe. Kitabibu linalohitajika ni nani wapimwe, na huulizwa hivi: "Tungependa wenza wako na watoto wako nao wapate kipimo. Nani tuanze naye, na ungependa tumfikieje?" Hili humpa mgonjwa uamuzi, na hupata majibu zaidi. Badala ya "umeathirika tangu lini?" uliza "ulianza dawa lini?" Mafumbo kama "amekanyaga waya" na "kaungua" yasisikike hata kwenye chumba cha chai, maana mhudumu wa usafi ana masikio na ana jirani.

Maombi yanataka uangalifu wa pekee. Mgonjwa akiomba aombewe, muuguzi anaweza kuomba naye, kwa sauti ya wawili, kwa imani ya mgonjwa au kwa maneno yanayowafaa wote, bila kuchelewesha dawa. Asipoomba, muuguzi asianzishe. Mtu aliyelala na kanula mkononi hana uwezo wa kweli wa kukataa. Na ugonjwa usitajwe kamwe katika sala. Muuguzi akisimama katika wodi yenye vitanda sita akakemea "roho ya Ukimwi" kwa jina la mgonjwa wa kitanda cha tatu, ametoa siri kwa wagonjwa watano na wageni wao ndani ya nusu dakika, huku akiamini ametenda wema. Wakati mwingine wema wa namna hii ndio unaoumiza kuliko dharau.

Uvujaji mwingine hutokea nje ya wodi, kwenye kundi la maombi. "Tumkumbuke dada yetu, yupo wodini kwetu, hali yake si nzuri." Jina halikutajwa, lakini kundi zima linajua nani hajaonekana wiki mbili. Kanuni iwe fupi: hakuna taarifa ya mgonjwa inayopelekwa kwenye maombi, kwa jina wala kwa fumbo, isipokuwa mgonjwa mwenyewe ameomba na amechagua maneno. Muuguzi anayesali mahali pamoja na mgonjwa amwambie mapema, wakiwa wawili: "Tukikutana kule, nitakusalimia kama ninavyowasalimia wengine." Sentensi hiyo humwondolea mgonjwa mzigo mkubwa.

Dawa, uponyaji na kufunga

Hatari ya kutisha zaidi ni pale muuguzi anaponong'ona kwamba imani inatosha. Dawa zikisimama, virusi hurudi kwenye damu, kwa wengi ndani ya wiki chache, na dawa zikimezwa kwa kurukaruka hujenga usugu. Muuguzi aliyemshauri mgonjwa aache dawa amefanya kosa la kitaaluma, na lishughulikiwe kama kumpa mgonjwa dawa isiyo yake.

Kuna mtego mmoja unaowanasa hata waangalifu. Majibu ya wingi wa virusi yakirudi "havionekani", mgonjwa anaweza kuyapokea kama ushahidi wa muujiza, akatoa ushuhuda na kuacha dawa. Maneno ya kumkabidhi majibu yaandaliwe: "Dawa zimefanya kazi, virusi vimeshuka hadi kipimo hakivioni. Bado vimejificha ndani ya chembe za kinga, na ukisimamisha dawa vitaamka." Kama mgonjwa ni mtu wa imani, anaweza kushukuru kwa dawa kama anavyoshukuru kwa chakula. Usimpime upya kwa kipimo cha haraka ili "kuhakikisha": kwa mtu aliye kwenye dawa, kipimo hicho kinaweza, mara chache, kutoa jibu hasi lisilo la kweli, na hapo utakuwa umempa cheti cha kuacha dawa.

Kuhusu kufunga, usikataze kwa jumla. Anayemeza kidonge kimoja kwa siku anaweza kukimeza wakati wa kufuturu au wa daku, ilimradi saa isibadilike kila siku. Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu pamoja na dolutegraviri, ambayo ni dawa ya VVU, huhitaji dolutegraviri miligramu 50 mara mbili kwa siku. Huyo, na yeyote aliyedhoofika, azungumze na daktari kabla, na akumbushwe kuwa mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu vimezwe pamoja na dolutegraviri wakati wa chakula tu. Tumbo likiwa tupu, dolutegraviri imezwe saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini hufuata pengo hilohilo hata kama mtu amekula.

Anayekataa, na kupima tena

Muuguzi akisema dhamiri yake haimruhusu kumhudumia mgonjwa kwa sababu ya VVU, jibu ni fupi: dhamiri haimnyimi mtu huduma kwa sababu ya ugonjwa alio nao. Zungumza naye peke yake, uliza kwanza kama anaogopa, kwa kuwa mara nyingi ndivyo. Akiendelea, ifuate njia ya kinidhamu. Usimhamishe kimyakimya kwenda wodi ya wazazi. VVU vipo huko pia, na mama hana pa kwenda.

Kumbuka pia kwamba baadhi ya wauguzi wenyewe wanaishi na VVU, na wanasikiliza yanayosemwa kwenye chai. Warahisishie kuchukua dawa kituo kingine bila kuomba ruhusa yenye maelezo.

Baada ya miezi 6 rudia dodoso lilelile, neno kwa neno. Hofu ikishuka na hukumu ikabaki, rudia kikao cha kadi na uache mihadhara ya maambukizi. Idadi ya wanaosema "nimemwona mwenzangu akifanya" ikipanda katika duru hiyo ya pili, usishtuke wala usifiche matokeo: mara nyingi watu wameanza kuyatambua waliyokuwa wakiyaona kila siku bila kuyaona. Linganisha na ulichokiona kwa macho miguuni pa vitanda, na kama chati bado inasomeka kutoka anaposimama mgeni, anza na chati.